Douglas Engelbart: Muasisi wa kipanya ambaye ndoto yake kuu ilipuuzwa

KATIKA saiba za mjini Voi, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB na mfanyabiashara anayewasilisha taarifa zake za ushuru kwa KRA wote huanza kwa jambo moja. Hushika kipanya, hukisukuma mezani na kukitafuta kielekezi kwenye kiwambo. Ni kitendo kidogo mno kiasi kwamba hakuna anayejiuliza kilianzia wapi.

Kilianzia kwa Douglas Carl Engelbart, Mmarekani aliyezaliwa Januari 30, 1925 jijini Portland, katika jimbo la Oregon. Dunia inamkumbuka kwa kifaa hicho kimoja. Yeye mwenyewe alikiona kuwa kipande kidogo cha kazi kubwa zaidi, na nusu ya pili ya maisha yake ilipita akijaribu kuwashawishi watu waitazame kazi hiyo.

Engelbart alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka tisa, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na familia ikaishi kwa kujinyima mashambani nje ya mji. Masomo yake ya chuo kikuu yalikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, akajiunga na jeshi la wanamaji na kufunzwa ufundi wa rada. Meli yake ilikuwa ndiyo kwanza inang'oa nanga Agosti 1945 habari zilipofika kwamba Japani imesalimu amri.

Hivyo basi hakupigana. Alipelekwa Ufilipino, na katika kisiwa cha Leyte akaingia maktaba ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa ndani ya kibanda kilichojengwa juu ya nguzo. Humo alisoma makala ya mwanasayansi Vannevar Bush, aliyewazia meza ambayo ingehifadhi maandishi yote ya mtu na kuyaunganisha yanavyohusiana. Makala hayo hayakumtoka akilini. Aidha, rada ilikuwa imemfunza kwamba mashine inaweza kumwonyesha mtu nukta kwenye kioo.

Alihitimu mwaka 1948 na kuajiriwa kama mhandisi katika kituo cha utafiti wa ndege huko California. Mwishoni mwa 1950, baada tu ya kumposa Ballard Fish, alishtuka kugundua kuwa malengo yake yote yametimia. Alikuwa na elimu, kazi na mchumba, na umri wake ulikuwa miaka 25 pekee. Akajiuliza angefanya nini na miaka iliyobaki. Jibu alilofikia ni kwamba matatizo ya binadamu yanazidi kutatanika kwa kasi kuliko uwezo wa watu kuyatatua, na kwamba tarakilishi yenye kiwambo ingeweza kuwasaidia watu kufikiri pamoja.

Wakati huo tarakilishi zilikuwa chache mno ulimwenguni, na kwa miaka mingi iliyofuata waliozitumia waliandaa kadi zilizotobolewa, wakazikabidhi na kusubiri majibu. Wazo la mtu kuketi mbele ya mashine na kuzungumza nayo kwa mkono na jicho lilionekana kama njozi. Engelbart alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1955, na mnamo 1957 akajiunga na Taasisi ya Utafiti ya Stanford mjini Menlo Park. Mwaka 1962 aliandika ripoti ndefu iliyoeleza mpango wake wote.

Mpango huo ulihitaji njia ya mtu kuonyesha kitu kwenye kiwambo. Kwa ufadhili wa shirika la anga za juu la NASA, kikundi chake kilipima vifaa mbalimbali: kalamu ya mwanga, usukani mdogo wa mkono, hata kifaa kilichofungwa chini ya meza na kusukumwa kwa goti. Engelbart alikuwa ameshachora daftarini wazo la kifaa chenye magurudumu. Mhandisi Bill English alikiunda mwaka 1964. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja juu, na magurudumu mawili chini yaliyowekwa kwa pembemraba, moja likipima mwendo wa kando na jingine mwendo wa mbele na nyuma. Kwa waliokwisha kukizoea, kilivishinda vifaa vingine.

Kipanya cha leo hakijui kilipo mezani. Hutuma tu habari kwamba kimesogea kiasi fulani upande fulani. Tarakilishi hujumlisha habari hizo, hukisogeza kielekezi, kisha huangalia kiko juu ya dirisha lipi. Programu yenye dirisha hilo hupelekewa ujumbe, ambao wataalamu huuita tukio, ukitaja mahali, wakati na kitufe kilichobonyezwa. Kubonyeza ni tukio, kuachilia ni tukio jingine, hali kadhalika kuingia dirishani na kutoka. Mwendo peke yake waweza kuzaa matukio zaidi ya mia moja kwa sekunde, na programu iliyochoka hushindwa kuyamaliza. Kwa hiyo mifumo mingi huyaunganisha matukio ya mwendo yaliyopitwa na wakati na kutoa lile la mwisho tu. Mibonyezo haiguswi, kwani mpangilio wake ndio amri ya mtumiaji. Ndiyo maana mteja wa saiba anayebonyeza mara ya pili akidhani mara ya kwanza imepotea huweza kujikuta amewasilisha fomu mara mbili. Mibonyezo yote ilikuwa kwenye foleni ikisubiri zamu.

Desemba 9, 1968, jijini San Francisco, Engelbart aliketi mbele ya wataalamu wapatao 1,000. Kwa dakika 90 aliwaonyesha maandishi yanayorekebishwa kiwamboni, viungo vya kuruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, yapata kilomita 50, akionekana kwa video huku wote wawili wakiyaelekezea maandishi yaleyale. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Kipanya kilikuwa kiungo tu katika mchuzi huo. Kiini kilikuwa watu wawili kushughulikia jambo moja kwa pamoja.

Taita Taveta inao mfano wa jambo la aina hiyo. Mwaka 2016, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na Save the Elephants waliwavisha kola baadhi ya tembo wa Tsavo ili kuchunguza iwapo reli ya SGR inayopitia Voi ingewazuia kuvuka. Nyendo za kila mnyama zikawa nukta kwenye ramani, na mtafiti aliweza kuzifuatilia kiwamboni. Tembo wanapovamia mashamba na kuua watu, mkulima, askari wa wanyamapori na mhandisi wa reli kila mmoja hujua kipande chake cha ukweli. Engelbart alitaka vipande hivyo viwe mbele ya macho ya wote kwa wakati mmoja.

Baada ya 1968 mambo yalimwendea kombo. Hataza ya kipanya ilitolewa Novemba 17, 1970, lakini mwenye haki alikuwa taasisi, ambayo baadaye iliiuzia Apple leseni kwa takriban dola 40,000. Engelbart hakupata mrabaha wowote. English na wengine walihamia kituo cha utafiti cha Xerox, kulikokuzwa mfumo wa madirisha uliokusudiwa kumfaa yeyote bila mafunzo marefu. Engelbart aliupinga mwelekeo huo, akiamini mtu sharti ajifunze chombo chenye nguvu hata kikiwa kigumu. Alisisitiza pia kibodi ya vitufe vitano ya mkono wa kushoto. Hapo alikosea, maana ni wachache ambao wangevumilia kuisoma. Hata hivyo, waliochukua kipanya chake waliliacha lile la kufikiri pamoja.

Maabara yake iliuzwa kwa kampuni ya Tymshare mwaka 1977, na huko hakusikilizwa sana. Macintosh ilipotoka 1984 na kukifanya kipanya kuwa maarufu, mwenye wazo alikuwa karibu kusahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na bintiye Christina walianzisha taasisi ndogo ya kuendeleza mpango wake wa 1962, na Logitech, watengenezaji wa vipanya, wakampa nafasi ya ofisi.

Heshima zilimjia uzeeni. Mwaka 1997 alipokea tuzo ya Lemelson-MIT ya dola 500,000 na ile ya Turing, mwaka uleule aliofiwa na Ballard. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alimpa nishani ya taifa ya teknolojia. Engelbart alifariki Julai 2, 2013 nyumbani kwake Atherton, California, akiwa na umri wa miaka 88. Aliacha mkewe wa pili, Karen, watoto wanne na wajukuu tisa.