Milton Subotsky: mtu aliyefunga hadithi tano za kutisha ndani ya filamu moja

Wapenzi wa filamu za kutisha wanawajua Peter Cushing na Christopher Lee. Milton Subotsky ni wachache wanaomjua, ingawa filamu kadhaa walizocheza wawili hao zilitoka mikononi mwake. Yeye alikuwa mtayarishaji. Kazi yake ilikuwa kutafuta hadithi, kuandika, kuajiri waongozaji na wachezaji, na kuhakikisha filamu inamalizika kabla pesa hazijamalizika. Kati ya mwaka wa 1965 na 1974, kampuni yake ndogo ilitengeneza nchini Uingereza filamu saba za aina moja: filamu moja, hadithi nne au tano ndani yake. Mpaka leo, anayetengeneza filamu ya namna hiyo anapita njia ambayo Subotsky aliipanua.

Hakuwa Mwingereza. Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 27 mwezi wa tisa mwaka wa 1921, katika familia ya Wayahudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Marekani katika kikosi cha mawasiliano, ambako alijifunza kuandika na kukata filamu za kufundishia askari. Baada ya vita aliingia kwenye televisheni, kisha akakutana na Max Rosenberg, mtu aliyejua biashara ya sinema na namna ya kupata pesa. Wakagawana kazi: Rosenberg atafute pesa, Subotsky atengeneze filamu. Mwaka wa 1956 walitoa Rock, Rock, Rock!, filamu ya muziki wa vijana ambayo Chuck Berry anaonekana ndani yake. Subotsky aliandika hadithi yake na baadhi ya nyimbo.

Wakati huo huo alikuwa ameandika filamu mpya ya Frankenstein. Andiko hilo lilipita mikononi mwa watu wengine hadi likafika London, kwa kampuni iitwayo Hammer. Hammer waliliweka kando, wakamwajiri mwandishi mwingine, na mwaka wa 1957 wakatoa The Curse of Frankenstein. Filamu hiyo iliwatajirisha, ikaifanya Hammer kuwa mfalme wa filamu za kutisha za Uingereza. Jina la Subotsky halikuandikwa humo. Tangu siku hiyo alifanya kazi karibu na jirani mkubwa aliyetajirika kwa wazo ambalo yeye pia alikuwa amelibeba.

Hakukata tamaa, akahamia Uingereza. Mwaka wa 1960 ilitoka The City of the Dead, filamu ya wachawi iliyoongozwa na John Moxey. Mwaka wa 1962 yeye na Rosenberg wakaanzisha kampuni waliyoiita Amicus, neno la Kilatini lenye maana ya rafiki. Walikodi nafasi katika studio za Shepperton, karibu na London. Rosenberg alibaki zaidi New York na hesabu, Subotsky akabaki Shepperton na kamera.

Kwa miaka mingi kichwani mwake kulikuwa na filamu moja ya zamani, Dead of Night, iliyotengenezwa na studio za Ealing mwaka wa 1945. Waongozaji wanne waliifanya pamoja: Alberto Cavalcanti, Charles Crichton, Basil Dearden na Robert Hamer. Ndani yake wageni wanakaa katika nyumba moja ya shambani, kila mmoja anasimulia jambo la ajabu lililomkuta, na mwisho nyumba yenyewe inageuka kuwa ndoto mbaya. Subotsky aliiona kuwa filamu bora kuliko zote za kutisha. Alitaka kutengeneza ya kwake.

Aliifanya mwaka wa 1965. Dr. Terror's House of Horrors inaanza ndani ya treni. Wanaume watano wanakaa katika behewa moja, anaingia mzee mwenye karata za kupigia ramli, naye anamwonyesha kila mmoja kifo kinachomngojea. Treni inaposimama, wanagundua kwamba wamekwisha kufa, na mzee yule ndiye Kifo. Peter Cushing alikuwa mzee huyo. Christopher Lee alicheza mtu mwenye kiburi anayefuatwa na mkono uliokatwa. Donald Sutherland, wakati huo kijana asiyejulikana sana, alicheza daktari aliyeoa mnyonya-damu.

Aina hiyo ya filamu ilimfaa mtu asiye na pesa nyingi. Mchezaji maarufu akiajiriwa kwa filamu nzima analipwa wiki nyingi. Katika filamu ya hadithi tano, anahitajika siku chache tu, kisha anaondoka na mwingine anaingia. Hivyo Subotsky aliweza kuandika majina matano au sita makubwa kwenye tangazo moja, kwa pesa ambazo kampuni nyingine ingezimaliza kwa majina mawili. Tena hadithi zake nyingi zilikuwa za siku zake mwenyewe, ndani ya nyumba na maduka ya kawaida. Hakuhitaji kujenga ngome wala kushona mavazi ya kale kama Hammer. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilijaa.

Alijua pia kuchagua waongozaji. Freddie Francis, aliyeongoza ile ya treni, alikuwa bingwa wa kamera aliyekwisha kushinda tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa Sons and Lovers. Aliongoza tena Torture Garden mwaka wa 1967. Peter Duffell, aliyetoka kwenye televisheni, alipewa The House That Dripped Blood ya mwaka wa 1971, filamu yenye jina la damu lakini ambayo damu karibu haionekani ndani yake. Roy Ward Baker, aliyewahi kusimulia kuzama kwa meli Titanic, aliongoza Asylum na The Vault of Horror. Kevin Connor alikuwa mkata filamu tu. Subotsky alimwamini, akampa From Beyond the Grave ya mwaka wa 1974, ambamo kila mteja anayemdanganya mzee wa duka la vitu vya kale analipia baadaye.

Iliyopendwa sana ni Tales from the Crypt ya mwaka wa 1972, iliyotokana na magazeti ya katuni ya Marekani yaliyosimama mwaka wa 1955. Joan Collins anamwua mume wake usiku wa Noeli, halafu mwendawazimu aliyevaa kama Baba Noeli anakuja kuzunguka nyumba. Mwanamke hawezi kuita polisi, kwa sababu maiti iko sebuleni. Katika hadithi nyingine, Cushing ni mzee maskini ambaye jirani tajiri anamsumbua mpaka anajiua. Cushing mwenyewe alikuwa amefiwa na mke wake mwaka wa 1971, na huzuni ile inaonekana usoni mwake.

Hadithi hizi zinafanana kwa jambo moja: mwovu halali usingizi. Anayeua, anayeiba, anayemdharau mnyonge, deni lake linamfuata mlangoni. Subotsky hakupenda ukatili wa kuonyesha nyama na damu. Alitaka mtazamaji aogope kinachokuja, na atoke akijua kwa nini kimekuja.

Lakini kampuni yenye jina la rafiki haikudumu. Rosenberg na Subotsky walitengana katikati ya miaka ya 1970. Subotsky aliendelea peke yake. Mwaka wa 1977 alitoa The Uncanny, hadithi tatu za paka wanaolipiza kisasi. Mwaka wa 1981, pamoja na Roy Ward Baker, alitoa The Monster Club, akiwa na Vincent Price kama mnyonya-damu mpole. Haikupata watazamaji. Vijana wa wakati ule walitaka visu na damu, na mzee wa Shepperton hakutaka kuwapa.

Bado jicho lake la hadithi lilikuwa kali. Alinunua haki za baadhi ya hadithi fupi za Stephen King mapema, lakini hakuwa na nguvu ya kuzitengeneza mwenyewe. Wengine walizitengeneza, na jina lake likabaki kwenye orodha ya watayarishaji, kama katika Cat's Eye ya mwaka wa 1985, ambayo nayo ni hadithi tatu ndani ya filamu moja.

Milton Subotsky alifariki London mwezi wa sita mwaka wa 1991, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka uliofuata filamu nyingine yenye jina lake, The Lawnmower Man, iliingia kwenye sinema bila yeye kuiona. Filamu zake saba za Amicus bado zinaonyeshwa na kuuzwa, na sasa jina lake limeandikwa humo waziwazi.