Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, Kadhi wa Kilwa na Unguja



Katika wanavyuoni walioshika ukadhi katika pwani hii, mmoja ambaye yafaa ajulikane na kila Mwislamu wa Palma, wa Mocímboa da Praia na wa visiwa vya Kirimba ni marehemu Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi. Yafaa tumjue kwa sababu mbili. Ya kwanza, alihukumu Kilwa, mji ulio ng'ambo ya Ruvuma, kisha akahukumu Unguja wakati Tungi yetu ilipokuwa chini ya bendera ya Sayyid. Ya pili, kazi iliyokuwa mikononi mwake kwa sehemu kubwa ya umri wake ni ile ile inayowataabisha watu wetu leo, yaani ndoa na talaka, masurufu ya mke, malezi ya watoto na mirathi.

Sheikh Abdulaziz alizaliwa Barawa, katika pwani ya Benadiri, katika miaka ya 1830. Barawa iko ncha ya kaskazini ya pwani ya Waswahili, na sisi tuko karibu na ncha ya kusini. Wao wana Chimini chao, nasi tuna Kimwani chetu, na lugha hizo ni za ukoo mmoja. Alitoka kwao kijana akaja Unguja kutafuta elimu. Katika masheikh waliomsomesha ni Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, naye pia mtu wa Barawa, aliyekuwa kadhi mkubwa wa Unguja na aliyefariki mwaka 1869. Kijana huyo alikuwa hodari mno katika sheria, na kabla hajatimiza miaka 20 Sayyid Said bin Sultan alimpa ukadhi wa Kilwa.

Tufikiri ni mzigo gani aliotwikwa kijana huyo. Kilwa ya siku hizo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ziwa Nyasa, na bandari kubwa ya pembe na, kwa huzuni, ya watumwa. Wanaume waliondoka na misafara au majahazi wakakaa miaka, na wengine hawakurudi. Watu wa makabila mbalimbali walioana. Matajiri walizaa na masuria, na baba akifa waliinuka ndugu kutaka kuwanyima watoto wa suria fungu lao. Hapo kadhi hana budi kusema wazi kwamba mtoto ambaye baba amemkubali ni mwungwana kama nduguze na hurithi kama wao, na kwamba mama yake huwa huru bwana akishakufa. Maneno hayo hayakuwa mepesi kuyasema mbele ya watu wenye nguvu, na kadhi asiyeyasema hakuwa kadhi.

Baada ya Kilwa alirudi Unguja akawa kadhi huko. Unguja palikuwa na makadhi wa Kiibadhi, mazhabi ya masultani, na makadhi wa Kishafi, mazhabi ya wenyeji wengi. Sheikh Abdulaziz alikuwa kadhi wa Kishafi. Kitabu ambacho makadhi wa Kishafi wa pwani hii walikitegemea sana ni Minhaji ya Imamu Nawawi, na wanafunzi wetu wangali wakikisoma hata leo.

Watu wengi hudhani kwamba talaka ni neno la mume tu, naye akishalitamka mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba talaka haingoji kadhi ili ipite. Lakini yote yafuatayo yataka mtu mwenye elimu na uadilifu. Je, ni talaka rejea au ni bain? Mume akitamka tatu kwa hasira, majuto ya asubuhi hayamrudishii mkewe. Eda yaanza siku gani? Mwanamke aonaye damu hukaa tohara tatu, asiyeona hukaa miezi mitatu, mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Mahari iliyobaki ni deni, na deni hulipwa. Mke wa talaka rejea ana haki ya nyumba na masurufu mpaka eda ishe. Mtoto mdogo hukaa kwa mamaye, maadamu mama hajaolewa na mume mwingine, mpaka afikilie umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, ndipo hupewa hiari kati ya wazazi wake. Na masurufu ya mtoto ni juu ya baba, akiwa mtoto kwa mama au kwa baba.

Naye mwanamke hakuachwa bila ya mlango. Akichukia ndoa anaweza kujikomboa kwa khuluu, kwa kurudisha mali watakayopatana. Mume akishindwa kabisa kumlisha, mke humwendea kadhi, na kadhi akithibitisha humpa mume muhula wa siku tatu, kisha mke hupata haki ya faskhi. Ama mke wa mtu aliyepotea, mambo yake ni mazito zaidi. Katika mazhabi yetu kauli mpya ya Imamu Shafi ni kwamba asiolewe mpaka ipatikane yakini ya kufa kwa mume au ya talaka. Kauli kongwe ni kwamba angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Kati ya kauli hizi mbili yamo maisha ya mwanamke mzima, na ndiyo maana kadhi hatakiwi kuwa mtu wa kubahatisha.

Sayyid Majid na Sayyid Barghash walimtumia Sheikh Abdulaziz katika kazi nyingine pia, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa kusema na watu. Sayyid Barghash alimtuma nchi za Ruvuma zaidi ya mara moja, naye aliandika habari za safari zake. Hivyo hakuwa mtu aliyezijua nchi zetu kwa kusikia tu. Alikuwa pia sheikh wa tarika ya Kadiria, na Unguja alijadiliana na mapadri wa Kiingereza juu ya dini kwa hoja. Aliandika vitabu vya dini na nahau, na akaanza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu asiyoimaliza. Sheria imeandikwa kwa Kiarabu, na mashahidi hunena Kiswahili. Hakimu asiyejua vizuri lugha zote mbili aweza kumdhulumu mtu bila ya kukusudia.

Mwishoni mwa zama zake nchi ilikatwa vipande. Katika mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikubaliana kwamba pwani ya Sayyid yaanzia mto Minengani, katika ghuba ya Tungi. Lakini mwezi wa Februari 1887 Wareno waliipiga Tungi kwa mizinga wakaitwaa. Kionga ilishikwa na Wadachi mwaka 1894, na Wareno wakaichukua mwaka 1916. Tangu hapo kadhi wa Unguja hakuwa tena na amri kwetu. Misikiti ilibaki, na walimu na vyuo vilibaki, lakini mwalimu wetu alihukumu kwa heshima aliyopewa na watu, si kwa amri ya dola. Asiyetaka kumsikiliza aliondoka tu.

Sheikh Abdulaziz alifariki Unguja mwaka 1896. Mwanawe, Sheikh Burhan, naye alikuwa kadhi huko, akafariki mwaka 1935.

Ndugu zetu, hatukuandika habari hizi ili tujivunie mtu aliyekwisha kwenda zake. Tuna jambo la kujifunza kwake. Katika miji yetu mingi ni desturi mume kuhamia upande wa mke, na ndoa ikivunjika hutoka na nguo zake. Hiyo ni desturi njema, kwani mama na watoto hawabaki nje. Lakini minazi aliyoipanda mume katika shamba la wakwe ni ya nani? Na mashua waliyonunua pamoja? Na mwanamke aliyeachwa kwa mdomo, bila ya shahidi wala karatasi, kisha mume akakana, huyo ni mke au si mke? Mambo haya hayakatwi kwa makelele ya wajomba wa pande mbili.

Nayo yamezidi kuwa mazito tangu mwezi wa Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, na tangu Machi 2021, Palma ilipovamiwa. Watu wengi walikimbia, hati zikaungua, na wako wanawake ambao waume zao hawajulikani kama wa hai au wamekufa. Suala la mke wa aliyepotea, ambalo tulilisoma kitabuni kama jambo la zamani, limekuja kukaa nyumbani mwetu.

Basi tufuate mwendo wa makadhi wema, yaani kusikiliza pande zote mbili, kutaka mashahidi, na kuandika. Talaka iandikwe kwa tarehe, na mahari iliyobaki itajwe. Na kwa kuwa Msumbiji ya leo haina mahakama ya kadhi, tusiishie msikitini peke yake. Ndoa iliyoandikwa Conservatória, yaani ofisi ya serikali ya kuandikia vizazi, ndoa na vifo, haivunjiki mbele ya serikali kwa neno la mume. Wanaopatana huachana kwa ofisi hiyo, na wasiopatana huenda mahakamani. Asiye na fedha ya mwanasheria asikate tamaa, kwani ipo idara ya serikali iitwayo IPAJ, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo kazi yake ni kuwasaidia maskini katika mambo ya sheria. Kwenda huko si kuiacha dini. Baba aliyeamriwa na hakimu kumlisha mwanawe ameamriwa lile lile aliloamriwa na sheria ya Mwenyezi Mungu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdulaziz na masheikh wetu wote waliotangulia, awarudishe waliopotea, awape subira wanaowangoja, na atujaalie kuachana kwa wema pale ambapo kukaa kwa wema kumeshindikana. Amin.