Buck Colbert Franklin, avoka wa Tulsa aliyeandika yale ambayo mashule hayakufundisha

Mwaka wa 2015, kurasa kumi zilizopigwa kwa mashini ya kuandikia zilijitokeza katika jimbo la Oklahoma, nchini Marekani. Zilikuwa na tarehe 22 mwezi wa nane 1931. Aliyeziandika, avoka Buck Colbert Franklin, alikuwa amefariki tangu 1960. Ndani yake alieleza kile alichokiona kwa macho yake mwaka wa 1921, wakati mtaa wa watu weusi wa mji wa Tulsa ulipochomwa moto na wakaaji wake kuuawa. Kwa miaka mingi watoto wa Oklahoma walimaliza masomo bila mwalimu hata mmoja kuwatajia mauaji hayo.

Franklin alizaliwa mwaka wa 1879 katika eneo la Wachickasaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Wakati huo Oklahoma haikuwa bado jimbo. Jina la Buck alipewa kwa heshima ya babu yake, mtumwa aliyejikomboa kwa pesa zake mwenyewe, yeye pamoja na jamaa yake. Kijana huyo alisoma katika vyuo vya watu weusi huko Nashville na Atlanta, kisha akajifunza sheria kwa njia ya barua hadi akakubaliwa kuwa avoka.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi kwa mtu mweusi. Siku moja alisafiri hadi Shreveport, katika jimbo la Louisiana, kumtetea mteja wake. Hakimu alikataa kumsikiliza kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, akamtoa kortini. Baada ya kisa hicho Franklin aliamua kuishi Rentiesville, kijiji kilichokaliwa na watu weusi peke yao. Huko alikuwa avoka, mwamuzi na msimamizi wa posta kwa wakati mmoja, lakini pesa hazikutosha kulisha familia.

Mwezi wa pili 1921 akaenda Tulsa kutafuta maisha. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa mafuta ya petroli. Mtaa wa Greenwood, wenye wakaaji weusi karibu 10,000, ulikuwa na hoteli, sinema, maduka, makanisa, madaktari na magazeti yake. Mke wake Mollie, aliyekuwa mwalimu, alibaki Rentiesville pamoja na watoto akingoja mwaka wa shule uishe ili wamfuate.

Mambo yaliharibika mwishoni mwa mwezi wa tano. Kijana mweusi aliyefanya kazi ya kupiga viatu rangi, Dick Rowland, alishtakiwa kwamba alimshambulia msichana mzungu ndani ya lifti. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye. Gazeti moja la wazungu lilichapisha habari hiyo, na jioni ya tarehe 31 umati wa wazungu ukakusanyika mbele ya korti. Watu weusi wenye silaha, wengine wao askari waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia, walikwenda kumlinda Rowland asiuawe na umati. Risasi ikalia, na mapigano yakaanza.

Alfajiri ya tarehe mosi mwezi wa sita, maelfu ya wazungu waliingia Greenwood. Waliua, wakapora, wakachoma nyumba moja baada ya nyingine. Franklin aliona ndege zikizunguka juu ya mtaa, na majengo yakishika moto kuanzia kwenye paa. Yeye mwenyewe alikamatwa na kufungiwa pamoja na maelfu ya wakaaji wengine. Mitaa 35 iliteketea na nyumba zaidi ya 1,200 ziliharibiwa. Hesabu ya serikali ilitaja watu 36 waliokufa, lakini wachunguzi wa baadaye waliona kwamba huenda walifika 300. Hakuna mzungu hata mmoja aliyefungwa kwa mauaji hayo.

Huko Rentiesville, Mollie na watoto walikaa siku kadhaa bila kujua kama baba yao angali hai.

Franklin alipoachiliwa alikuta mali yake imekuwa majivu. Siku chache tu baadaye alifungua biro ndani ya hema, pamoja na mwenzake I. H. Spears na karani wao Effie Thompson. Picha yao wakiwa kazini humo, wamezungukwa na vitabu vya sheria, ipo hadi leo.

Kazi ilikuwa nyingi. Wakubwa wa mji walitaka kuchukua ardhi ya Greenwood kwa ajili ya kituo cha treni na viwanda. Wiki moja baada ya moto walipitisha sheria iliyodai nyumba mpya zijengwe kwa vifaa visivyoshika moto, huku wakijua kwamba waliounguliwa hawana uwezo wa kuvinunua. Franklin aliwashauri wateja wake wajenge tu, hata kwa mbao za makasha ya matunda, naye angewatetea wakikamatwa. Aliipeleka sheria hiyo kortini, na kabla mwaka huo haujaisha waamuzi waliifuta. Greenwood ikabaki mikononi mwa wenyewe.

Upande wa bima hali ilikuwa tofauti. Mikataba ilisema kwamba hasara inayotokana na machafuko hailipwi. Basi kwa kuyaita mauaji hayo machafuko, makampuni yalikataa kulipa, na wenye nyumba wakajenga upya kwa jasho lao. Franklin mwenyewe aliweza kuleta familia yake Tulsa mwaka wa 1925 tu.

Kisha kimya kikatanda. Katika gazeti lililochochea watu, makala ya siku ile yalikatwa kwenye nakala zilizohifadhiwa. Wazungu hawakutaka kuulizwa, na wazazi wengi weusi waliogopa kuwasimulia watoto. Miaka kumi baadaye Franklin aliketi na kuandika zile kurasa kumi. Alifuata pia maisha ya askari mmoja wa zamani, Ross, ambaye maisha yake yaliharibiwa kabisa na siku ile.

Mwanawe, John Hope Franklin, alikuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Marekani. Yeye na mtoto wake walitayarisha kitabu cha maisha ya mzee huyo, kikachapishwa mwaka wa 1997. Mwaka huohuo Oklahoma iliunda tume ya kuchunguza mauaji, nayo ikatoa ripoti yake mwaka wa 2001. Polepole habari za Greenwood zimeingia katika masomo ya historia ya jimbo hilo, na makaburi ya waliozikwa bila majina yanachimbwa.

Zile kurasa kumi sasa zinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, mjini Washington.