HAYATI MZEE MORRIS, NGOMA ILIYOTANGULIA HABARI



Mkiniuliza ni mwanamuziki gani wa nchi hii aliyesikiwa na watu wengi, huenda mkadhani nitamtaja Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz au Salum Abdallah wa Cuban Marimba. La. Namtaja hayati Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu.

Nilimsikia kabla sijamjua. Kwetu Salale, katika delta ya Rufiji, gazeti lilifika kwa bahati, tena kwa mashua. Habari tulizipata kwa redio moja ya betri, ya jirani. Saa ya taarifa ya habari ilipowadia, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitanguliza ngoma. Wazee waliokuwa wakishona nyavu walinyamaza, nasi watoto tulikatazwa hata kukohoa. La mgambo likilia kuna jambo, na mgambo wetu ulikuwa ngoma zile. Mimi nilidhani wapigaji ni sita au saba.

Nilipofika sekondari, mwalimu wetu alitueleza kwamba yule ni mtu mmoja, tena haoni. Nilibisha mbele ya darasa zima, nikasema kipofu hawezi. Mwalimu hakugomba. Alinifunga kitambaa machoni, akapanga ndoo tatu mbele yangu, akaniamuru nizipige kwa zamu bila kukosea. Nilipiga hewa. Wenzangu walicheka, nami nikarudi kitini nimeinama.

Hapo nilianza kupima kazi ya mzee yule. Alizungukwa na ngoma nyingi, kubwa kwa ndogo, akazipiga peke yake, kila moja kwa wakati wake. Tena ngozi si kitu cha kutulia. Huku kwetu, masika yakiingia, hulegea na sauti hudidimia, mpaka ngoma ioteshwe moto ndipo ikaze. Mpigaji hana budi kuijua kila ngoma kwa mkono na kwa sikio pia.

Wamarekani walioanzisha jazi nao walitafuta njia ya mtu mmoja kumudu ngoma nyingi, na pedali ya mguu iliyotengenezwa na William Ludwig mwaka 1909 iliwasaidia sana. Ngoma za namna hiyo ndizo zilizofika hata katika bendi zetu za jazi. Mzee Morris alifika huko huko kwa ngoma zetu za asili. Mwaka 1970 alizipiga Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70.

Redio ile sasa ni TBC. Waliokua na mapigo yale huyatambua mara moja, lakini ukiwauliza jina la mpigaji, wengi hubaki wakitazamana. Hilo ndilo linaloniuma. Tumeirithi sauti, mwenyewe tukamsahau.

Vijana, mkienda likizo, iwe Salale, Kibiti au kwingineko, watafuteni wazee wanaojua kuwamba na kupiga ngoma. Waulizeni majina yao na ya waliowafundisha, myaandike daftarini wangali hai. Na mwenzenu asiyeona akisema anaweza, msifanye kama nilivyofanya mimi. Mpeni ngoma kwanza, kisha msikilize.