Seremala wa Lodwar na Sahihi Yake

Msomaji wangu, nilipokuwa Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar, niliketi na fundi mmoja anayechonga vigoda vya kuuza. Kilio chake kilikuwa kimoja. Kila akiandika jina lake chini ya kigoda kwa kalamu ya wino, kisha akapaka vanishi, wino hutawanyika na jina likageuka doa. Nami, mtoto wa Pwani niliyekulia karibu na mafundi wa milango, nikamweleza nilichokiona kwao: kwanza piga msasa, kisha jina lichonge kwa patasi ndogo au lichome kwa chuma cha moto, na vanishi ije mwisho. Jina lililoingia ndani ya mti haliogopi rangi. Fundi akacheka, kwani Waturkana walilijua hilo zamani. Ng'ombe wao huwatia chapa ya moto, na neno lao emachar ndilo chapa na ndilo ukoo.

Niliporudi Lodwar, nikamkumbuka seremala mwingine, aliyefika huko bila hiari yake. Huyo ni Mzee Jomo Kenyatta.

Wengi humjua kwa usinga na fimbo. Wachache hukumbuka kwamba alianza na randa na msumeno. Kijana Kamau wa Ngengi aliingia misheni ya Waskoti huko Thogoto mwaka 1909, akajifunza kusoma, kuandika na useremala. Alipobatizwa mwaka 1914 akaitwa Johnstone. Mwaka 1938, alipotoa kitabu chake cha mila za Wakikuyu huko London, jina likawa Jomo Kenyatta. Mtu mmoja, majina matatu. Lakini mkono ulioandika ulikuwa ule ule wa seremala.

Alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi wa Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Akapelekwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, na huko akawa mpishi wa wafungwa wenzake. Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakuachiwa, bali alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi. Mwezi wa Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walifunga safari kumwona katika joto lile. Baada ya hapo akapelekwa Maralal, na Agosti mwaka ule ule akawa huru.

Basi sisi wa Mwambao yatuhusu nini haya? Yatuhusu kwa sahihi moja. Oktoba 1963, akiwa Waziri Mkuu, Kenyatta alibadilishana barua na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, na kwa mapatano ya London ukanda wa maili 10 wa Sultani Jamshid ukawa sehemu ya Kenya. Katika barua hizo ziliwekwa ahadi tano: uhuru wa ibada, mahakama ya Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, maofisa Waislamu katika sehemu za Waislamu, watoto wetu kufundishwa Kiarabu, na hati za ardhi zilizokwisha andikishwa kuheshimiwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa zaidi yule fundi wa Kakuma. Ahadi hizo hazikuandikwa zote kwa namna moja. Mahakama ya Kadhi na uhuru wa ibada viliingizwa ndani ya Katiba ya uhuru, na Kadhi yumo hata katika Katiba ya mwaka 2010. Hiyo ni chapa ya moto. Maofisa na Kiarabu viliahidiwa kwa kadiri itakavyowezekana, na kadiri hiyo ikabaki mkononi mwa mwenye kupima. Huo ni wino juu ya mbao. Na ardhi? Ahadi ilimlinda mwenye hati. Asiyekuwa na hati, hata kama babu yake alizikwa chini ya mnazi ule, hakutajwa. Katika utawala wa Mzee mwenyewe malalamiko ya ardhi ya Pwani yaliongezeka, na mpaka leo wako wanaoitwa maskwota katika vijiji walimozaliwa.

Sisemi haya kumsuta marehemu. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na alifia hapa hapa kwetu Mombasa. Kila seremala huacha kazi iliyokaza na kazi iliyolegea. Nasema kwa ajili yetu tuliobaki, tunaopenda kupokea ahadi ikiwa imekwisha pakwa vanishi, inang'aa, bila kuigeuza tukatazama chini yake.

Mwaka unapokuja mtu na karatasi akitaka tuipokee, na tumwulize swali la fundi wa Kakuma: jina umeliandika juu ya mti, au ndani yake?