Katharine Hepburn na lafudhi iliyomfukuzisha kazi

Mwigizaji Mmarekani Katharine Hepburn alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Mimi wakati huo nilikuwa Luvungi, mtoto ambaye hajajua bado kuunga sentensi. Namwandikia katika jarida la kitivo cha lugha, si la sinema, kwa sababu kazi yake karibu yote inaweza kusomwa kama historia ya lafudhi moja: jinsi ilivyochekwa, ikafukuzwa kazini, ikapelekwa kwa mwalimu, ikauzwa kwa bei kubwa, na mwisho ikatetemeka mdomoni mwa mwenyewe mbele ya watazamaji. Tena alifika kwetu. Hakufika Luvungi, lakini alifika Kongo hii hii, mwaka 1951, kuigiza kisa ambacho mizizi yake iko katika ziwa letu la Tanganyika.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake, Thomas Hepburn, alikuwa daktari mpasuaji wa magonjwa ya njia ya mkojo. Mama yake, naye akiitwa Katharine, alikuwa mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, na baadaye wa uzazi wa mpango, jambo ambalo enzi hizo watu wenye heshima zao hawakulitaja sebuleni. Nyumbani kwao lilitajwa, na watoto waliachwa wasikie na wabishane na wakubwa. Nadhani hapo ndipo tuanzie. Huyu ni mtu aliyekua akiamini kwamba anachosema kitasikilizwa.

Mwaka 1921, akiwa hajatimiza miaka 14, walikwenda New York na kaka yake mkubwa Tom kutembea. Asubuhi moja alimkuta Tom amejinyonga. Familia haikupenda kulizungumzia jambo hilo. Katharine alifanya kitu cha ajabu: alichukua siku ya kuzaliwa ya kaka yake, tarehe 8 Novemba, akaifanya yake. Kwa miaka mingi sana vitabu na magazeti viliandika tarehe hiyo, mpaka alipoisahihisha mwenyewe katika kitabu chake cha maisha, Me, mwaka 1991. Sina la kuongeza hapo.

Alisoma chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, akamaliza 1928 katika historia na falsafa. Mwaka huo huo aliingia jukwaani, na taabu ikaanza. Katika mchezo wake wa pili wa kulipwa, mjini Baltimore, sauti yake ilionekana kali mno, kama filimbi. Akaenda New York kwa mwalimu wa sauti, Frances Robinson-Duff. Kisha akapewa ghafla nafasi ya mwigizaji mkuu katika mchezo uitwao The Big Pond. Usiku wa kwanza alichelewa, akachanganya maneno, akajikwaa, na akasema kwa haraka hata watu wasifahamu anasema nini. Wakamfukuza.

Ilikuwa sauti ya namna gani? Wenzangu wa isimujamii watanisamehe nikiieleza bila alama za kifonetiki. Wamarekani wengi hutamka r popote inapoandikwa. Yeye aliiangusha ile inayofuata irabu, kama Waingereza wa tabaka la juu wanavyofanya, na irabu zenyewe alizivuta, huku taya likibaki karibu limefungwa. Sehemu ya usemi huo ilitoka nyumbani kwao na katika shule za watu wenye mali wa mashariki mwa Marekani, sehemu ilitoka Bryn Mawr, na sehemu ilikuwa mafunzo ya jukwaani, kwani walimu wa maigizo wakati ule walifundisha Kiingereza kisicho cha Marekani wala cha Uingereza. Ilikuwa lafudhi ambayo mtoto hapati kwa mama yake peke yake. Kule kuifanyia kazi ndiko kunakonivutia. Huwa tunazungumza kama kwamba lafudhi ya mtu ni rangi ya ngozi yake. Ya Hepburn ilikuwa nusu urithi, nusu ufundi, na hata yeye sidhani kama angeweza kuonyesha mshono uko wapi.

Mwaka 1932 mchezo wa The Warrior's Husband huko Broadway ulimfungulia njia, na kampuni ya RKO ikamchukua Hollywood. Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, iliongozwa na George Cukor, ambaye walifanya kazi pamoja kwa karibu miaka hamsini. Kwa filamu yake ya tatu, Morning Glory ya 1933, alipata Oscar. Sinema ilikuwa imeanza kusema miaka michache tu kabla, na waigizaji wengi wa sinema bubu walipoteza kazi kwa sababu ya sauti zao. Yeye aliajiriwa wakati ambapo studio zilitafuta watu waliokwisha kujifunza kusema jukwaani. Kosa la mwaka 1928 likawa mali mwaka 1932, na koo ni lile lile.

Halafu mambo yakageuka tena. Filamu kadhaa zilianguka. Alivaa suruali wakati ambao mwanamke kuvaa suruali kulikuwa habari ya gazeti, alikataa kuhojiwa, hakutoa saini kwa wapenzi wake. Mwaka 1938 chama cha wenye majumba ya sinema kilitangaza orodha ya waigizaji walioitwa sumu ya mauzo, naye akawa ndani, pamoja na Greta Garbo, Marlene Dietrich, Joan Crawford na hata Fred Astaire. Kilichowachosha watu, kwa maelezo ya wakati ule, ni kwamba alisikika kama mtu anayejiona. Wakati wa dhiki ya uchumi, lafudhi ya mtoto wa daktari wa Connecticut haikuchekesha.

Hapo alifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko Oscar zote. Alijinunua kutoka katika mkataba wake na RKO, akarudi jukwaani. Mwandishi Philip Barry alimwandikia mchezo The Philadelphia Story, juu ya mwanamke tajiri mwenye kiburi anayefundishwa kushuka. Yaani lile lile walilomlaumu nalo ndilo lililokuwa kiini cha mchezo. Ulichezwa Broadway kuanzia 1939 zaidi ya mara 400. Haki za filamu alikuwa amenunuliwa na tajiri Howard Hughes kabla, kwa hiyo MGM walipoutaka mchezo iliwabidi wamchukue na yeye, na akachagua Cukor awe mwongozaji. Filamu ikatoka 1940 pamoja na Cary Grant na James Stewart, ikapendwa sana. Hakubadilisha namna anavyosema. Alitafuta maneno yanayofaa kinywa chake, akahakikisha mwenye kuyamiliki ni yeye.

Sisi tunaotoka bonde la Ruzizi tunajua kuchekwa darasani kwa kusema batu na batoto. Kiambishi ba- kiko katika Kifuliiru na katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, na kina historia ndefu, lakini mbele ya mwenzako aliyesoma Kiswahili cha vitabu kinageuka ushamba. Sisemi kwamba mtoto wa Luvungi na binti wa Hartford wanachukua mzigo mmoja. Lafudhi yake ilichekwa kwa kuwa ya juu mno, yetu kwa kuwa ya chini. Lakini hukumu hutolewa kwa njia moja: mwenye kununua tiketi, au mwenye kutoa alama, anaita mazoea ya sikio lake ubora.

Sasa nije Kongo. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya The African Queen, yenye msingi katika vita vya Tanganyika. Wazee wa Uvira na Kalemie wamesimuliwa habari hizo. Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli zao, na Ruzizi yetu ilikuwa mstari kati yao na Wabelgiji. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini, zikivutwa nchi kavu na kupitishwa milima ya Mitumba mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Baadaye ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Forester akaondoa mashua za jeshi, akaweka mmisionari wa kike, Rose Sayer, na fundi mlevi, Charlie Allnut, wanaoshuka mto katika boti bovu ili kuizamisha meli ya Wajerumani.

Mwongozaji John Huston hakuja Tanganyika kupiga filamu hiyo. Alikwenda Biondo, kwenye mto Ruiki, upande wa kusini wa Kisangani ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville, kisha Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Hepburn, akitimiza miaka 44 mwaka huo, alimkuta Huston na Humphrey Bogart wakinywa wiski asubuhi na jioni. Akaamua kuwatia aibu kwa kunywa maji matupu. Maji yakampa tumbo la kuhara, akakonda vibaya. Walevi hawakuugua. Aliandika kitabu kizima juu ya safari ile, mwaka 1987, na anajicheka mwenyewe ndani yake.

Katika riwaya, Allnut ni mtu wa mitaa ya chini ya London. Bogart hakuwa mtu wa kuigiza usemi huo, kwa hiyo filamu ikamfanya Allnut Mkanada. Walibadilisha uraia wa mtu ili kulinda lafudhi ya mwigizaji! Kwa Hepburn hapakuwa na haja ya kubadilisha kitu. Kiingereza chake cha Connecticut kilipita kama Kiingereza cha mmisionari Mwingereza. Huston alimpa shauri moja tu la maana: amcheze Rose kama Eleanor Roosevelt, mke wa rais, anapowatembelea askari waliojeruhiwa, kwa tabasamu la kijamii lisilotoka usoni. Alilifuata, na Rose akapata uhai.

Lakini msomaji wa kitivo chetu atazame tukio la kwanza. Kanisa la nyasi, Rose anapiga kinanda jasho likimtoka, na kaka yake anaongoza wimbo wa Kiingereza. Wanakijiji wanaimba nini? Hawaimbi Kiingereza wala lugha yao. Wanatoa kelele zinazofuata sauti ya wimbo bila neno. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walitakiwa wacheke. Filamu iliyompigania Bogart asiseme lafudhi isiyo yake haikuona shida kuwanyima watu hao lugha yoyote, hali wamisionari wa wakati ule, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walishughulika kweli kweli kutafsiri nyimbo na Biblia katika Kiswahili na lugha za wenyeji. Hepburn, wakati wa kupiga tukio hilo, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba ndoo iliwekwa kando ya kinanda, nje ya picha, ili atapike kati ya mara moja na nyingine. Anaonekana mtulivu kabisa. Mimi nikiitazama nafikiria ile ndoo, na nafikiria wale waimbaji, na siwezi kuamua nimtazame nani.

Bogart alipata Oscar, Hepburn akateuliwa tu. Sisi wengi tumeiona kwa Kifaransa, La Reine africaine, na hivyo kumwona Hepburn bila kumsikia. Naomba mwalimu yeyote mwenye nakala ya Kiingereza aionyeshe kitivoni.

Habari zake na Spencer Tracy zimeandikwa mno, nazipita haraka. Walikutana katika Woman of the Year ya 1942, wakafanya filamu tisa. Tracy alikuwa Mkatoliki mwenye mke na hakumwacha mkewe. Walipendana zaidi ya miaka ishirini bila kutangaza. Filamu yao ya mwisho, Guess Who's Coming to Dinner, ni juu ya binti mzungu anayemleta nyumbani mchumba mweusi, Sidney Poitier. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa kama hiyo. Hepburn hakwenda mazishini, kwa heshima ya familia ya marehemu. Filamu hiyo ilimpa Oscar ya pili. Ya tatu aliipata mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, na ya nne kwa On Golden Pond ya 1981. Hakwenda kuichukua hata moja.

Katika televisheni alianza akiwa mtu mzima: The Glass Menagerie mwaka 1973, kisha Love Among the Ruins ya 1975 pamoja na Laurence Olivier, iliyompa tuzo ya Emmy. Ukizisikiliza kwa mfuatano utasikia kitu kipya. Alikuwa na mtetemo wa kurithi, uliotikisa kichwa chake na sauti yake. Wengi walidhani ni Parkinson, naye akakanusha. Mtu mwingine mwenye kazi ya sauti angenyamaza. Yeye aliendelea mpaka miaka ya 1990, na katika On Golden Pond kila irabu ndefu inapita kama gari kwenye barabara ya mawe. Zile irabu alizozivuta tangu Bryn Mawr, zilizomfukuzisha kazi kwa kusemwa haraka, sasa zilikuwa polepole, na kila mtu alizifahamu.

Alifia nyumbani kwao Fenwick, Connecticut, kando ya bahari. Broadway walipunguza taa za majumba ya maigizo kwa heshima yake. Mwenyewe alikuwa ameomba pasiwe na ibada ya kumbukumbu wala hotuba, akazikwa Hartford, katika makaburi ya familia yake.