Robert Koch na Sumu ya Kipindupindu

Soma kifungu hiki ukichunguza matumizi ya o-rejeshi na amba-.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Alikuwa amekwisha kutambua bakteria wa kifua kikuu alipofika Calcutta, India, mwishoni mwa 1883, akifuatilia kipindupindu, ugonjwa ambao sisi wa Bujumbura, tulio kando ya ziwa, hatuhitaji kuelezwa. Ndani ya matumbo ya waliokufa aliona bakteria waliopinda mfano wa mkato, umbo ambalo mwalimu wa lugha hatalisahau. Katika damu hawakuonekana. Basi, wasiotoka utumboni wanauaje? Koch alikisia kwamba hutoa sumu, ila hakuweza kuithibitisha.

Mwaka 1906 alikuja karibu nasi, visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale. Dawa aliyoitumia, atoksili, ilikuwa na aseniki, nayo ni sumu: baadhi ya wagonjwa walipofuka. Jambo hilo halifai kuachwa nje ya wasifu wake.

Alifariki mwaka 1910, swali la Calcutta likiwa halijajibiwa. Lilijibiwa mjini humo humo mwaka 1959, Sambhu Nath De alipoyachuja maji walimokuzwa bakteria hao, akayatia katika utumbo wa sungura. Bakteria hawakuwamo tena. Hata hivyo utumbo ulijaa maji, kama wa mgonjwa.